Sindano ya Severa

"Wabunge wakiongeza muda wa fao la kukosa ajira, watu watalala tu," alisema Mzee Bhupendra, muuza vitambaa wa Kariakoo, ndani ya basi la mwendokasi. "Miezi sita inatosha."

Severa, fundi cherehani aliyekaa naye, alikuwa katika mwezi wa saba tangu apunguzwe kazi kiwandani, fao lake limekwisha, na bado alitembea na sindano yenye uzi kwenye ukosi. Akaichomoa, akaanza kushona kifungo cha shati la mzee kilichokuwa kinaning'inia. "Tulia, baba, nisikuchome. Miaka kumi na minne nimekatwa mshahara kuchangia huo mfuko wa hifadhi ya jamii. Nilikuwa nimelala?"

Mzee, sindano ikiwa kifuani pake, alipunguza sauti. "Hata hivyo, miezi sita..."

Severa akakata uzi kwa meno. Basi likasimama Magomeni, mzee akatoa noti amlipe.

"Rudisha, baba. Kifungo nimekusaidia tu. Fao lile ni jasho langu."