Mwambie Nduguyo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wengine mmeitika kama mlioamka na homa. Basi asifiwe tena! Mimi ni Rebeka wa Wema, dada yao wale wenye duka hapa Garsen, na leo sikai mpaka niseme yaliyonijaa moyoni.

Baba yetu alituachia duka hilo na mtumbwi mmoja mkubwa. Kaka Yakobo, mkubwa wetu, akashika duka. Mdogo wetu Zakaria akashika mtumbwi, akileta mchele na ndizi za Wema, akirudi na chumvi na mafuta ya taa. Lakini nyumbani kwetu mdogo hamwambii mkubwa neno la mali usoni. Ni kukosa adabu. Atamwambia mama, naye mama atalifikisha. Mama alipofariki, mzigo ule wa maneno ukaniangukia mimi.

Jamani, nilichoka! Wamekaa baraza moja, magoti yanagusana, huyu ananiambia, "Mwambie nduguyo chumvi imelowa." Na nduguye anasikia! Nami nageuza shingo, nasema chumvi imelowa.

Ndipo siku moja kule Wema Zakaria akaniagiza: mtumbwi umepata ufa, nimwombe kaka tusipakie mpaka ufa uzibwe. Asubuhi nilikuwa niende Garsen. Homa ikaniangusha, nikawa sijui hata jina langu. Kaka, asiyejua lolote, akatuma jirani: pakieni mchele, wateja wanangoja. Zakaria akadhani hilo ndilo jibu. Akadhani kaka amesikia habari ya ufa na bado anasema pakieni. Akatii kwa uchungu.

Ulizama mtoni, ndugu zangu. Mchele wote ukaenda na maji. Zakaria alishika gogo, na kama si mkono wa Bwana mamba wangemla. Alipofika ukingoni hakuja dukani wala nyumbani. Alipanda lori lililokuwa likienda bara, akatokomea huko mbali Madogo kuchunga ng'ombe wa wafanyabiashara.

Nilipopona nikamweleza kaka ukweli. Mzee mzima alilia. Lakini mkubwa kumfuata mdogo? Haijapata kuonekana. Alisema tu, "Ukimpata, mwambie." Nami nikatuma salamu kwa madereva, nikaeleza yote. Jibu likawa lile lile kila mara: kama kaka ana neno, anajua nilipo.

Mafuriko yakaja, yakarudi, mpunga ukapandwa, ukavunwa. Nilitamani kumwona ndugu yangu! Nikisikia kafi likigonga mtumbwi natoka mbio, mkono una unga, kumbe ni watu wa kijiji cha Ngao wanapita. Na kaka naye, kila lori likisimama, aliacha mteja na mizani akatazama mlangoni. Hatukuwa tukisemezana habari hiyo. Tulikuwa tukiisikia tu.

Nikaomba Mungu atupatie mjumbe mwema. Niliomba hivyo siku nyingi, kwa machozi. Mpaka nikiwa shambani, nimeinama nang'oa magugu, moyo ukanigeukia: Rebeka, Bwana alipokutaka wewe, alimtuma nani? Si alishuka mwenyewe? Nikaacha jembe pale pale.

Nikaenda dukani nikamwambia Yakobo, "Kaka, mimi si mtumbwi wenu tena. Neno lako lipeleke mwenyewe." Alikasirika, akaniita mkosefu wa adabu. Na kesho yake, Haleluya, duka lilikuwa limefungwa, kaka amepanda lori la Madogo!

Walirudi pamoja juu ya lori, wamejaa vumbi. Kaka aliniambia baadaye kwamba njia nzima hawakusema kitu. Niliwakaribisha barazani, nikaleta maji. Zakaria amekonda, ndevu zimeota. Akanigeukia kama zamani, akaanza, "Dada, mwambie..." Nikatazama pembeni.

Zakaria akamgeukia mkubwa wake, akamtazama usoni.

"Kaka, mtumbwi ulikuwa unavuja."

"Nimesikia, mdogo wangu," Yakobo akasema. "Sasa nimesikia."

Tangu hapo kila Jumamosi wanakaa wawili, wanasema habari ya duka na mtumbwi mpya kwa midomo yao wenyewe. Wanagombana sana! Mimi huko jikoni nacheka, namshukuru Mungu.

Wewe unayengoja mtu akupelekee neno kwa Bwana, au kwa ndugu yako, usingoje. Yeye alishuka mwenyewe. Mtumaini, inuka, uende.