Kwa Photo Yote, Samy Peke Yake Njo Ameisha

Ukitoka ku hospitali ya Mweso na kushika barabara ya Kitshanga, mbele kidogo utaona bati yenye kuandikwa SECRÉTARIAT, na chini yake banc ya mbao. Pale katikati imebonyea kwa sababu ya Docteur, mwenye anaikalia tangu asubuhi. Docteur hakusoma udaktari. Alifagia salle za hospitali miaka kumi na ine, na yale alisikia mule yanamutosha kutupima wote. Pembeni yake kuko Papa Mbonigaba, tunamuita Préfet, kama mukubwa wa shule. Alifundisha watoto wa primaire mpaka sauti ikamutoka, lakini haikumutoka ya kutosha, sababu bado anaongea mpaka jioni. Ndani kuko Yves, mwenye secrétariat, na imprimante yake, mashine ya kuchapa na kutosha photo, yenye anaijaza encre, wino wake, kwa sindano. Miye ni Adelaïde, nauzisha kahawa. Nawasikia kila siku, na siku mingi natamani niwe kiziwi. Ile alhamisi nilitamani niwe mbali kabisa.

Mama Verdiane alifika saa tatu ya asubuhi. Anakaa ku nyumba za bâche, za turubai, nyuma ya kanisa tangu walikimbia kilima chao. Akipita hapa anachukua nusu kikombe, anamuchekesha Préfet, anaenda. Siku ile alikataa kahawa. Alikaa ku mwisho wa banc, akatoa mufuko wa plastiki kifuani, na mu ule mufuko akatoa photo ya ndoa ya mutoto wake Samy, akamunyooshea Yves.

— Hii ni weye uliitosha ku mashine yako. Uniambie ukweli. Photo kama hii inadumu miaka ngapi?

Tukainama wote kuangalia. Watu tisa mbele ya kanisa, miaka ine imepita. Bibi-arusi Claudette na robe yake nyeupe, shemeji Nizeyimana na kofia, Verdiane mwenyewe na kikwembe ya manjano, wote wanaonekana muzuri. Katikati, costume nyeusi ya Samy imekuwa ya kijivu, mikono iko, kola iko. Juu ya kola hakuna kitu. Kulibakia kidogo tu ya mudomo, na ule mudomo ulikuwa unacheka.

Samy mwenyewe hajaonekana miaka mbili na miezi munane. Siku ya kukimbia, watu waligawanyika ku njia panda. Mama na muke wa Samy walikuja huku, yeye na vijana wengine wakashika upande wa Walikale. Tangu pale hakuna simu, hakuna barua, hakuna muntu wa kusema nilimuona. Sasa Nizeyimana, ndugu ya marehemu bwana ya Verdiane, amekata shauri: jumamosi wanafanya kilio. Watatandika mukeka, Claudette atavaa nguo ya ujane, na wakati wake ukiisha atakuwa huru. Sababu yake ni ile photo. Anasema Mungu mwenyewe amefuta sura, sisi ni nani tusubiri zaidi.

Verdiane anaamini kumulilia muntu muzima ni kumufungia njia ya kurudi. Njo maana alikuja kwa Yves. Kama Yves angesema karatasi ya vile inaisha yenyewe, angepanda kwa shemeji yake kukataza kilio. Kama angesema inadumu miaka makumi mbili, basi jumamosi angekaa ku mukeka kama wengine.

Yves alijikuna kichwa. Alisema inategemea. Ku cadre yenye kioo, ndani ya nyumba kavu, inaweza kufika miaka kumi, labda zaidi. Ku ukuta wa bâche, na mwanga unapita, na moshi wa jiko, miaka mbili ni mingi. Verdiane alianza kupumua. Lakini huyu Yves hajui kunyamaza pale inafaa.

— Shida moja tu, mama. Encre ni ile ile kwa watu wote tisa. Kama ni kuisha, wangeisha wote.

Hapo Docteur akapata mulango. Akasema yeye aliona hiyo kitu hospitalini mara mingi, muntu akikata roho anapita kuchukua vitu vyake pale viko, na sura njo anaanza nayo, sababu bila sura hawatamujua kule anaenda. Nilimuambia anyamaze, mama ya mutoto anamusikia. Akaniambia sayansi haina mama. Préfet akamucheka, akasema ni rangi: nyekundu inaondoka ya kwanza, na ngozi ya muntu ndani ya photo ni nyekundu mingi. Yves akamuuliza kama hao wengine wanane ngozi yao ni ya kijani.

Préfet hakupenda. Alichukua photo, akaigeuza, akaiangalia pembeni, vile alikuwa anaangalia daftari ya mutoto mwenye kudanganya. Kisha akamuuliza Verdiane iko inatundikwa namna gani. Mama akaeleza bila kuficha. Iko ku ukuta karibu na mulango, na juu yake anawekaka tawi lenye kubarikiwa Siku ya Matawi, vile tunafanyaka wote ku photo za wenye tunawaombea. Kila mwaka tawi mupya.

— Tawi linafunika photo yote? Préfet akauliza.

— Hapana. Ninapindisha majani yafunike wengine. Samy namuacha wazi, nimuone nikiamuka.

Sisi wote tukaelewa pamoja. Préfet njo alisema, na sauti ndogo yenye sijawahi kumusikia nayo. Jua lilimukula Samy peke yake sababu mama yake alimuacha wazi. Wale wengine walikuwa chini ya kivuli cha Bwana, yeye alikuwa chini ya macho ya mama yake.

Verdiane alifunika kinywa na kikwembe. Nilifikiri analia, kumbe alikuwa anacheka na kulia sawasawa. Alisema basi ni yeye alimufuta, si Mungu, na hiyo ataenda kumuambia Nizeyimana sasa hivi. Nilifurahi kwa ajili yake, ninasema wazi, nilifurahi sana. Nilimumiminia kikombe kizima na safari hii alikipokea.

Pale njo Docteur alifungua kitabu chake cha nyimbo.

Hicho kitabu anatembeaka nacho kila siku, na tulijua ndani kuko photo ya marehemu muke wake, Muhawenimana. Alikufa ni miaka sita sasa. Docteur alitoa photo pole pole akaiweka ku mapaja ya Préfet. Yves naye njo aliitosha, tena kabla ya ile ya Samy. Haijawahi kuona jua, haijawahi kusikia moshi. Muhawenimana alikuwa anaonekana kama jana; ungehesabu shanga za rozari yake. Pembeni yake kulisimama koti ya Docteur. Ndani ya koti hakukuwa muntu. Kulikuwa kivuli kidogo pale kichwa kinakaaka.

— Ilianza ku mvua ya mwaka jana, Docteur alisema. Sikuambia muntu.

Préfet alisogea kidogo ku banc. Sijui kama yeye mwenyewe alijua kama amesogea. Yves alichukua photo akaingia nayo ndani, akaiweka chini ya taa, akarudi, akasema karatasi iko muzuri, encre iko muzuri, haelewi. Ata pikipiki zenye kupita nilisikia ni kama ziko mbali.

Préfet hawezi kukaa na kitu bila kukitolea somo. Alianza kusema kama ni vile, basi Docteur alikosea. Waliokufa wanabakia, sababu wamemaliza kutembea. Wenye kuisha ku photo ni wazima. Verdiane akamushika mukono haraka.

— Basi Samy ni muzima?

Préfet akafungua kinywa kumuambia ndiyo. Nilimuona vile alitamani kumuambia ndiyo. Docteur akamutangulia, na hakumuangalia mama, aliangalia koti yake ku ile photo.

— Ni muzima, ao iko njiani kuenda kwa wafu. Miye sijui. Niko hapa nasubiri kujua.

Kulikuwa mwanamuke mumoja amesimama ku mulango wa secrétariat wakati huo wote, na muntu wa pikipiki yenye ilimuleta anamungoja barabarani. Jina lake Elodie. Alitoka Kashebere, kule upande wa Walikale, siku mbili za njia, dada yake amelazwa hapa hospitali, na alitaka tu photocopie ya karatasi moja. Tulimusahau kabisa. Alikuwa amesikiliza yote. Akasogea, akaangalia photo ya ndoa bila kuigusa, kisha akamuuliza Yves alitosha ngapi za vile.

Yves akajibu mbili. Moja ya mama, moja ya Samy. Siku moja, karatasi moja, encre moja. Verdiane akaongeza kusema Samy ya kwake aliibeba ku mufuko wa shati siku walikimbia. Yeye mwenyewe njo aliiweka mule.

Elodie alifikiri kidogo. Aliuliza na sauti ya kawaida, kama muntu mwenye kuuliza saa:

— Na ku ile ya kwake, ni nani ameisha?

Préfet alitoa miwani akaanza kuipanguza na shati. Miye nilifikiri Samy kule porini, ao ku mugodi, ao wapi, anafungua karatasi yake asubuhi, na pale mama yake alisimama na kikwembe ya manjano hakuna kitu. Nilifikiri labda naye alikwisha kutandika mukeka. Labda amekwisha kutulilia sisi, na muntu mwenye kulilia watu wake wote hana sababu ya kurudi.

Verdiane alifikiri hivyo pia, niliona. Alisimama pale katikati yetu, akavua kitambaa cha kichwa.

— Muniangalie, alituambia. Niko naonekana?

Wote walimukazia macho. Nina haya kusema, lakini ata miye nilimuangalia kwanza, usoni, ku macho, ku kidevu, kabla nimuambie ndiyo mama, unaonekana. Yves akakimbia kuleta telefone yake, akasema atamupiga photo sasa hivi, sura yake peke yake, kubwa, ataitosha ku karatasi ya muzuri, ataifunga ku plastiki, mama akipata muntu wa kwenda kule atamutumia.

— Acha mashine yako, Yves. Nitamupelekea sura yenyewe.

Alimuuliza yule wa pikipiki kama anarudi Kashebere. Akasema anarudi leo, ana nafasi. Verdiane alinigeukia, akanituma kwa Nizeyimana: nimuambie jumamosi wasitandike kitu, na kama watatandika, Claudette asikae. Kisha alipanda, na nguo yenye alikuja nayo tu, na kikombe changu bado mukononi. Alinirudishia wakati pikipiki ilikwisha kuwaka.

Photo ya ndoa ilibakia ku banc. Elodie aliiona, akataka kukimbilia pikipiki, akapiga makelele mama amesahau kitu chake. Nilimushika mukono. Nilimuambia hakuisahau.