Sugow Olow, Dresa Aliyeuzuia Wembe

Garissa, Jumatatu, 26 Juni 1967

Naahidi kueleza yote, hata yale ambayo wasichana hufundishwa kuyanyamazia. Ijumaa hii Bw. Sugow Olow anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka ishirini na sita. Wauguzi wameniomba mimi, Kinsi Bare wa darasa la saba, niandike juu yake, kwa sababu mdogo wangu Keynan ni mgonjwa wake.

Alianza kwa kuchemsha sindano, akajifunza kufunga vidonda hadi akaitwa dresa, mwishowe akawa msaidizi katika chumba cha upasuaji. Tangu vita vya serikali na waasi vianze huku kwetu ameosha majeraha ya askari na ya wachungaji bila kuuliza nani alianza. Wenzake humtania kwamba jina lake ndilo dawa yake, maana kwa Kisomali "sug" ni "ngoja". Askari wa kafyu aliyemfokea asimame aliambiwa, "Ngoja kidogo, mwanangu, nimebeba mkojo wa watu." Askari ndiye aliyerudi nyuma.

Keynan alizaliwa na tundu la mkojo upande wa chini wa uume, si kwenye ncha, na govi lake lilifunika juu tu. Kwetu husemwa mtoto huyo ametahiriwa na malaika, na nyumba hufurahi. Kwa kuwa wanaume wetu huchutama wakikojoa, hakuna aliyeona kasoro. Ila nguo zake zililowa kila mara, na kwenye duksi, yaani chuo cha Kurani, wenzake walimsukuma mbali wakisema ana najisi.

Baba alimpeleka hospitali akitaka dawa ya kuzuia kulowa tu. Ngariba alikuwa ameshaitwa.

"Malaika walianza, sisi tumalizie," Baba alisema.

"Bare, kama ni malaika, mbona wameacha ngozi?" dresa aliuliza. "Hiyo ndiyo ya kushonea njia mpya ya mkojo. Ukiitupa, daktari atashona kwa nini? Niahidi utangoja."

Baba alicheka, halafu akaahidi.

Tulingoja sana. Daktari wa upasuaji huja na msafara wa jeshi, na barabara ilikuwa imetegwa mabomu. Majirani walimuuliza Baba kama anamfugia mwanawe ngozi ya kuuza. Dresa alipita kwetu kila baada ya swala ya Ijumaa, akanywa chai, akaondoka bila kutaja wembe.

Mwezi wa Machi daktari alifika, akanyoosha sehemu iliyokuwa imepinda. Dresa alinieleza kwamba katika upasuaji wa pili, mwezi wa Septemba, ngozi ile itasaidia kutengeneza mfereji mwembamba mpaka kwenye ncha. Nilishangaa mpaka nikasahau kumshukuru. Sikujua binadamu anaweza kushonewa njia ambayo hakuzaliwa nayo.

Adeer Sugow, ami yetu, sote tunakushukuru. Mungu akupe afya, na ngamia wako wa Balambala wapate malisho. Lakini jana ngariba alikuja tena. Baba alimwambia kwamba ahadi alimpa dresa, hakuipa hospitali, na dresa akiondoka Ijumaa, yeye yuko huru. Tafadhali nijibu leo hii, kwa mkono wa huyu aliyekuletea karatasi: mtu akistaafu, na ahadi aliyopewa imestaafu?