Sultani Hajawahi Kushiba

Kijiwe cha kahawa cha Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kina benchi moja refu lenye mguu wa kuungaunga, na wajumbe wake hawajawahi kukosa kikao. Yupo Mwinyimvua, fundi cherehani, anayeitwa Injinia kwa sababu hajawahi kushika spana. Yupo Ismail Tani, mpakizi mstaafu wa bandarini, ambaye akikaa upande mmoja wa benchi, aliyekaa upande wa pili hushikilia ukuta. Na yupo Abdulmalik, jina la mtaani Redio, kwa kuwa hazimiki. Ijumaa hiyo asubuhi hoja ilikuwa imeegeshwa mbele ya macho yao: Sultani, gari la Humoud muuza vitambaa, saluni nyeusi ya Kijerumani, silinda nane, mkono wa pili kutoka Japani. Humoud mwenyewe alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Jioni hiyo mjukuu wa mama yake mkubwa alikuwa anaolewa Bagamoyo, mama yake kule Magomeni alishaanza kujifukiza udi, na taa ya mafuta kwenye dashibodi ilikuwa inawaka.

— Nipeni jibu moja tu, jamani, alisema Humoud. Bagamoyo kwenda na kurudi, linanifikisha au linanimaliza?

— Linakumaliza, alijibu Injinia hata kahawa hajaimeza. Silinda nane, kaka? Dini yenyewe imeruhusu wanne!

Benchi lilicheka mpaka Habib, muuza kahawa, akamwaga.

— Tatizo lako, Injinia aliendelea, unanunua wese mchana. Jua likiwaka mafuta yanavimba, unauziwa uvimbe. Nunua alfajiri, safiri alfajiri. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mvungu umeingiaje hapo? aliuliza Humoud.

— Tenki la sheli liko wapi? Si chini?

— Achana na mvungu, alisema Tani. Mimi nimebeba mizigo ya meli nikiwa na nywele mpaka zikaisha. Kinachokula mafuta ni uzito, basi. Toa tairi la spea, toa jeki, toa viti vya nyuma.

— Na mama akae wapi?

— Mtandikie mkeka.

Redio alikuwa amejizuia muda mrefu kuliko kawaida yake.

— Nyie wote mnazingua. Kinachokula mafuta ni maneno! Mtu akiongea ndani ya gari anatoa joto. Joto linapozwa na kiyoyozi. Kiyoyozi kinasukumwa na injini. Kwa hiyo kila sentensi ina bei yake. Umbea wa Magomeni mpaka Mwenge tu, lita imeshaondoka!

— Na ukitukana bodaboda? aliuliza Tani.

— Hapo ndiyo unakausha tenki kabisa.

— Tena hilo limetokea Japani, Injinia aliongeza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kila kona hilo linataka kukata kurudi kwao, wewe unalizuia. Huo mvutano nani anaulipia?

Humoud alicheka nao, lakini moyoni hakuwa na raha. Fundi wake wa gereji za Gerezani kila akifungua boneti huanza kwa kumpa pole. Oili ya Sultani inauzwa kwa heshima kama marashi, na seti moja ya tairi ingemfungulia mtu genge la mboga. Ndiyo maana alilizoeza kula kwa kubania: leo mafuta ya elfu kumi, kesho ya elfu kumi, Magomeni na Kariakoo, Kariakoo na Magomeni, na foleni ya Jangwani katikati. Mama yake hajawahi kulipanda. Kila akiomba aliambiwa kesho, na Humoud alishaanza kuona haya kulitamka neno hilo.

— Si unaweka ya elfu kumi kumi? alisema Tani kwa upole. Endelea hivyohivyo, mwanangu. Haba na haba hujaza kibaba.

Hapo bajaji ikasimama kando ya Sultani. Akashuka Bi Saadiya, mama yake Humoud, buibui jipya, harufu ya udi ikamtangulia, kikapu cha halwa mkononi.

— Shikamoo, Bi Saadiya! Benchi zima lilimwamkia.

— Marahaba, wanangu. Humoud, nimeona saa zinakwenda nikajileta mwenyewe. Tunaenda, au dada yangu nimwambie kesho?

— Mama, ndiyo tunapiga hesabu hapa. Hili gari linakunywa sana.

— Linakunywa vipi?

Wakajibu wote kwa mpigo. Alfajiri, uzito, maneno, Japani. Bi Saadiya aliwasikiliza mpaka pumzi zikawaishia.

— Mimi magari siyajui, alisema. Niambieni kitu kimoja tu. Likijazwa tenki, linafika wapi?

Injinia alimtazama Tani, Tani akamtazama Redio, na Redio, kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, alizimika.

— Humoud?

— Sijui, mama. Halijawahi kujazwa.

— Toka lishuke melini?

— Toka lishuke.

Bi Saadiya alilipapasa boneti.

— Maskini. Mnamlisha mwenzenu kwa kijiko cha chai, halafu mnakaa barazani kumwita mlafi.

Humoud aliona aibu, kisha kicheko kikamtoka, na vyote viwili vilimpa nafuu. Akaweka kikombe chini.

— Panda, mama. Kaa mbele.

— Na sisi! alisema Tani, mkono tayari mlangoni. Pilau la arusi halina mwaliko.

— Wewe si ulisema uzito? Baki hapo. Redio, wewe kila sentensi ina bei, sikuwezi.

— Mimi je? aliuliza Injinia.

— Wewe nisubiri alfajiri.

Pale sheli, Violeth wa kwenye pampu alimjua kwa mbali.

— Ya elfu kumi, kaka?

Humoud alimtazama mama yake, ambaye alikuwa ameshafunga mkanda na kupakata kikapu chake.

— Jaza.

— Nini?

— Jaza, dada. Mpaka likatae lenyewe.

Pampu ilinguruma muda mrefu. Humoud alilipa bila kusoma mashine, akawasha gari, na mshale wa mafuta ukaanza kupanda. Ulipita pale ulipozoea kuishia, ukapita nusu, ukaendelea. Aliutazama tu, mikono kwenye usukani, mpaka gari la nyuma likapiga honi.

— Twende, baba, alisema Bi Saadiya. Utautazama njiani.