Joto la Juu ya Mapaa

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa chai. Mke wa Injinia aliionja, akasema sukari imezidi, kisha akaimaliza yote. Jioni hiyo alianguka bafuni, hakuinuka tena. Tangu mazishi, Injinia hakukanyaga kituo cha roketi. Sasa wenzake walitaka jibu: kesho wanarusha, na asipofika kukipoza chombo cha kupimia, nafasi yake itapewa mwingine. Badala ya kuwajibu, alikuja kuketi kijiweni, kwenye benchi nje ya kibanda cha Kinyozi, kikombe cha kahawa kikimpoea mkononi.

— Hebu tutoe tongotongo, Injinia, — alisema Kinyozi. — Kiroketi chenyewe kifupi, hata mwezini hakifiki. Kinapanda, kinaanguka. Kinatafuta nini?

— Joto. Hewa ya juu kabisa inatoa mwanga ambao macho hayauoni.

— Joto la majiko yetu hilo! — alidakia Fundi Viatu. — Moshi unatawanyika, joto linajiendea zake.

— Acha kutupiga kamba, — alisema Kinyozi. — Hizo ni pumzi. Watu wote hawa wanahema, pumzi zinakwenda wapi?

— Basi na za usingizini zimo, pamoja na ndoto zake. Wakipima sawasawa watajua nani kamwota nani.

— Wee! Watakukuta na mke wa mwenye nyumba wako!

Injinia alicheka, akashtuka kuisikia sauti yake.

— Hawataona kitu, — alisema, — chombo kisipopozwa kwanza. Nacho kina joto lake. Kikibaki nalo, kinajiona chenyewe, kinadhani ndiyo mbingu.

Mshonaji aliyehamia kibanda cha pili juzi tu alikuwa amesimama pembeni, akisubiri kahawa.

— Samahani, kaka zangu. Jua likishazama, hewa hiyo inaendelea kung'aa?

— Inaendelea, dada, — alisema Injinia. — Inarudisha ilichopewa mchana.

— Mpaka lini?

Kinyozi alimtazama Fundi Viatu. Fundi Viatu alitazama juu, ambako bluu ilikuwa ikikolea taratibu. Injinia alikiweka kikombe benchini.

— Sijui. Hapa juu yetu hakuna aliyewahi kupima.

— Sasa si mkapime?

Injinia alikichukua kikombe, akaimaliza kahawa yote, akainuka.

Asubuhi yake Injinia alifika kituoni mlinzi akiwa bado anafagia. Alivaa glavu nene, akafungua koki ya nitrojeni ya kupozea kidogo kidogo. Ukungu mweupe ulimwagika sakafuni, ukafunika viatu vyake, naye akasimama humo humo akingoja chombo kipoe.