Jogoo Bubu wa Kizazi cha Saba

BINTI: Arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini na— Haloo? Nani mwenzangu?

BABA: Baba yako! Mbona unanong'ona?

BINTI: Shikamoo, Baba. Sinong'oni, niko kazini. Nahesabu mbegu za maharage, nachagua zile zinazo—

BABA: Paza sauti! Simu nimeifungulia sauti mpaka mwisho na bado. Mtandao wa leo mbovu kweli.

BINTI: SHIKAMOO, BABA!

BABA: Marahaba. Hapo sawa. Mwanangu, nimefaulu! Jogoo asiyewika! Kizazi cha saba. Kesho nampeleka kwenye maonyesho ya wafugaji, mbele ya majaji watatu.

(Jogoo anawika.)

BINTI: Baba... huyo nani?

BABA: Nani tena? Niko bandani na Bubu tu. Nimempakata. Katulia kama mto wa kulalia.

BINTI: Umempataje, Baba?

BABA: Si wewe uliyenifundisha uliporudi likizo? Chagua wenye sifa unayoitaka, hao ndio wazae. Basi, kila aliyewika akaingia chunguni. Mnyamavu akabaki kuwa baba wa familia. Mwaka wa kwanza nilikula majogoo kumi na mmoja. Uliofuata, saba. Halafu watatu. Mwaka huu hata mmoja! Nimekosa kitoweo kwa ajili ya sayansi.

BINTI: Walipungua... kidogo kidogo.

BABA: Ee?

BINTI: WALIPUNGUA KIDOGO KIDOGO!

BABA: Ndiyo maana ya kizazi hiyo! Mama yako, Mungu amrehemu, miaka thelathini alilalamikia majogoo wangu. Leo angelala mpaka jua la utosi.

(Jogoo anawika, mara mbili.)

BINTI: Baba, chuoni walituambia sifa lazima ithibitishwe na mtu wa pili. Nani mwingine amemsikia?

BABA: Amsikie vipi na yeye bubu? Chuo gani hicho! Lakini shahidi ninaye. Fundi cherehani, jirani. Juzi alfajiri kaja na shuka kiunoni, anarusha mikono, anaonyesha banda, mdomo wazi mpaka magego. Furaha ilimzidi, sauti ikamkauka. Nikampa mayai sita.

BINTI: Akayapokea?

BABA: Moja alilitupa ukutani. Furaha, mwanangu, kila mtu na yake.

BINTI: Baba...

BABA: Ana kasoro moja tu huyu Bubu. Anapiga miayo mno. Ananyoosha shingo, anafumba macho, anaachama. Naona ni usingizi. Majaji wanaweza kumpunguzia alama.

BINTI: (anaweka mbegu chini)

BABA: Haloo? Umekatika?

BINTI: Nipo. Baba, nisikilize. Akipiga miayo tena, mwekee kiganja kooni.

BABA: Nimkabe?

BINTI: HAPANA! MGUSE TU. TARATIBU.

BABA: Haya. Ananyoosha shingo... anafumba macho...

(Jogoo anawika.)

BINTI: Baba?

(Jogoo anapigapiga mabawa.)

BINTI: Baba, upo?

BABA: Linatetemeka.

BINTI: Ndiyo, Baba.

BABA: Linatetemeka kama cherehani. Na majogoo wenzake hapo nje? Wote kumi na wanne?

BINTI: NAWASIKIA KUTOKA HUKU, BABA.

BABA: Kwa hiyo fundi hakuwa na furaha.

BINTI: Hakuwa nayo.

BABA: Na mayai nikampa.

BINTI: Angalau ulimpa mayai.

BABA: (anacheka, kisha anaacha) Kesho ningesimama mbele ya watu wote, namsifu kwa ukimya, naye ananiwikia kifuani.

BINTI: Hutasimama. Nakuja. Leo hii hii, nikimaliza trei hii.

BABA: Una kazi zako. Maharage yako—

BINTI: Hesabu yenyewe imeshapotea, Baba. Nakuja. Tutakwenda hospitali kwanza. Bubu abaki nyumbani, awike apendavyo.

BABA: Asiliwe?

BINTI: ASILIWE!

BABA: Maana nimemzoea. Sasa, mwanangu, salio langu linaisha. Utafika saa ngapi?

BINTI: Jioni. Nitapiga hodi, unifungulie.

BABA: Usipige.

BINTI: Nini?

BABA: Hodi. Usipige. Mlango nitauacha wazi, uingie tu. Mtandao hauna neno, mwanangu. Ni mimi. Sitakusikia.