Jani Juu ya Kila Sahani

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliosimama kwenye jua hili, haya ndiyo maisha ya marehemu, yule ambaye wengi wenu mlimwita Mama Majani, kama yalivyoandikwa na mama mkwe wake, na msomaji, ambaye ni mwana wa marehemu, ameagizwa asome yote, asiruke mstari hata pale atakapotajwa yeye mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa mfua vyuma na muuza mboga, na inasemekana alijua kutofautisha majani kwa pua kabla hajajua kutembea, jambo ambalo mama mkwe hakulishuhudia, kwa hiyo halithibitishi. Alianza shule Januari 1976, akamaliza darasa la saba mwaka 1982, hesabu nzuri, mwandiko mbaya, akajifunza ushonaji, na tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa katika kiwanda cha sare za shule, meza ya wakata vitambaa, akasimama hapo miaka thelathini na mitatu na mkasi mzito mkononi, bila kupoteza hata ncha ya kidole.

Alifunga ndoa tarehe 22 Juni 1991 na fundi umeme, mtoto wa pekee wa mama mkwe huyu, na siku ya kuingia nyumbani hakuja na kabati wala godoro, alikuja na makopo manne ya rangi yaliyojaa udongo, la mchaichai, la nanaa, la mrehani na la giligilani, mama mkwe akauliza mbele ya watu kama mwanawe ameoa mke au mbuzi, maana malisho yameshafika, watu wakacheka, na jina la Mama Majani likaanzia hapo, likaanza kwa ubaya likabaki kwa uzuri, ila aliyelitunga hajawahi kuomba radhi, na leo si siku ya kuanza.

Alijaliwa watoto wawili, binti, aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 1992, ambaye ni muuguzi, na mwana, aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 1996, ambaye ni dereva wa lori, na ikawa nyumba ile ni kama stendi, huyu anaingia yule anatoka, kila mtu na saa yake ya kula, kwa hiyo marehemu alipika chungu kimoja, wali na maharage, au ndizi na mchuzi wa samaki, akapakua sahani nne, akazifunika, na juu ya kila kifuniko akaweka jani ili mtu ajue yake, nanaa kwa mumewe ambaye tumbo humjaa gesi na hapendi lisemwe, mrehani kwa binti, giligilani kwa mwana ambaye angekula hata mawe ilimradi yamenyunyiziwa giligilani, na mchaichai kwa mama mkwe, ambaye asipopata chai nyumba haikaliki. Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza jani la mpishi mwenyewe ni lipi, na sahani ya tano haikuwepo, alikula kwenye chungu, amesimama, kijiko kwa mkono huu na maji ya kumwagilia bustani kwa mkono ule.

Mwaka 2018 alinunua meza ya watu sita, akasema anataka Jumapili moja tu, watu wote wakae, chakula kitoke kwenye bakuli moja, bila vifuniko, na Jumapili hiyo haikufika, kwa sababu binti ana zamu, mwana ana safari, fundi umeme nguzo imeanguka mahali, na mama mkwe naye, tusifichane, alisema magoti yake hayapendi viti virefu, meza ikawa ya kupigia pasi na kuwekea nyaya. Watu walikuwa na haraka ya kwenda kutafuta chakula, na chakula kipo nyumbani kinapoa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019, akaacha kazi, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mwezi Januari mwaka huu wa 2024 alimwomba kila mmoja robo saa, aje uani amwonyeshe tuta la majani, lipi ni lipi, linakatwaje, linataka maji kiasi gani, wote wakasema kesho, na kesho ya watu wa nyumba hii ina miguu mirefu, huifikii. Aliyekwenda ni mama mkwe peke yake, si kwa wema, ni kwa kukosa pa kwenda, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akilalamikia mgongo, na marehemu akamwambia, "Mama, kufa siogopi. Naogopa mtakula vikavu, kila mtu na kona yake." Ndipo mama mkwe alipomuuliza, baada ya miaka thelathini na miwili, jani lake yeye ni lipi, akacheka, akasema, "Lolote litakalobaki, mama."

Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, saa kumi jioni, hospitalini, binti yake akiwa amemshika mkono, na hiyo ndiyo siku ambayo zamu iliachwa.

Jumamosi asubuhi, turubai la msiba likiwa njiani, fundi umeme na mwanawe walichukua jembe wakasafisha uani, na mama mkwe akiwa chumbani akasikia harufu inapita dirishani kali kuliko siku zote, akatoka, akauliza wanang'oa nini, fundi umeme akajibu, "Magugu, mama," na mkononi ameshika nanaa. Walilijua jani likiwa juu ya kifuniko, likiwa ardhini hawakulijua, tuta zima lilikuwa limetupwa nyuma ya choo.

Mama mkwe aliokota mizizi, akaipanda kwenye makopo manne ya rangi, nanaa imeshika, mchaichai umeshika, mrehani umenyong'onyea lakini utapona, giligilani imekufa, haikubali kuhamishwa, na mwana, anayesoma hapa, atapanda mbegu yeye mwenyewe na kumwagilia yeye mwenyewe, lori litamsubiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, wenzake wa meza ya kukata vitambaa waliomshonea nguo aliyovaa leo, na majirani wote, pamoja na yule aliyetuazima jembe, ambaye hana kosa. Wa nyumbani wanatangaziwa kwamba tukitoka makaburini chakula ni kwenye ile meza, nyaya zimeshaondolewa, bakuli ni moja, hakuna sahani iliyofunikwa, kila mtu atakaa, na mama mkwe amekubaliana na magoti yake. Viti vimewekwa vitano.

Kaa sasa, mkwe wangu, umesimama vya kutosha. Pumzika kwa amani.